Nimetoka daladala nimepewa basi la shule: kazi yangu inaanzia wapi na inaishia wapi?

Suka_Mgeni

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Nimeendesha daladala miaka sita, nyingi zake Mbagala, mwisho Gongo la Mboto. Leseni yangu ni daraja C, chuo nimepita pale NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na namshukuru Mungu sijawahi kugonga mtu. Mwezi uliopita tajiri aliuza gari, nikakaa wiki tatu napiga deiwaka, kushikia magari ya wenzangu kwa siku moja moja, ndipo jamaa yangu akaniunganisha na shule moja ya binafsi huku upande wa Kinyerezi. Nimekabidhiwa Kosta. Mshahara ni wa mwezi, hakuna hesabu ya kupeleka jioni, hakuna kugombea abiria. Nilidhani nimepumzika.

Leo nimemaliza siku ya nane na usingizi sipati vizuri. Kosta ina viti 29. Ruti ya kwanza ya asubuhi nimehesabu mwenyewe kwa macho yangu, watoto 41. Nilipouliza nikajibiwa kwamba hao ni watoto, wepesi, wawili wanatosha kiti kimoja na wakubwa watasimama. Matroni, yaani msimamizi wa watoto ndani ya gari, ni mmoja, dada mzuri tu, ila jioni anashukia karibu na kwake kabla ruti haijaisha, kwa hiyo vituo vitatu vya mwisho nabaki peke yangu na watoto sita.

Jumatano ndiyo iliyonifanya niandike. Nilifika kwenye geti la mtoto mmoja wa awali, hakuna mtu. Nikapiga honi, nikashuka nikagonga, kimya. Akaja kijana wa bodaboda wa kijiweni pale, akasema huyu mtoto namjua, kwao ni hapa, niachie mimi nikae naye. Moyo ukakataa. Nikaondoka na mtoto mpaka mwisho wa ruti, nikarudi naye saa moja kasoro usiku. Mama yake alikuwa amesimama getini analia, aliponiona akanishika shati, ananiuliza nilikuwa nampeleka wapi mwanawe. Asubuhi yake msimamizi wa usafiri akanigombeza mbele ya walimu, eti ningemwacha kwa jirani yeyote nikaendelea na safari.

Naomba mnisaidie. Kazi ya dereva wa basi la shule ni ipi hasa? Na hilo la kuzidisha watoto, nitalikataaje bila kupoteza kibarua? Nina watoto wawili wanaonitegemea.

Naomba kuwasilisha.

---

Kifaru_wa_Tabata

Mkuu unajipa mzigo usio wako. Dereva kazi yake usukani, watoto ni kazi ya matroni, kuzidisha ni kazi ya mwenye shule. Mwisho wa mwezi unapokea chako. Ukianza kuuliza maswali mengi siku ya nane, siku ya kumi utakuta mwenzako kashika ufunguo.

---

Mzee_wa_Segerea

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma andiko lako mara mbili. Nilitaka kulala ila nikaona nikujibu usiku huuhuu, kwa sababu hilo aliloandika ndugu yangu hapo juu ndilo nililokuwa nikiliamini na mimi, na nusura liniondolee mtoto wa mtu mikononi.

Nina mwaka wa 18 kwenye mabasi ya shule hapa Dar. Nilianza na Haisi, sasa niko na Kosta. Mwaka wangu wa pili kazini, mwezi wa pili, jua la Dar unalijua mwenyewe, nilishusha watoto shuleni saa moja na nusu asubuhi. Matroni alishuka nao, akanipungia mkono akasema wameisha. Nikaenda kuosha gari. Nikapandisha vioo vyote ili maji yasiingie, nikajisogeza pembeni kunywa chai. Kijana wa kuosha alianzia mbele, akaja ubavuni, alipofika kioo cha nyuma akaacha kusugua. Akaniita, "Mzee, humu ndani kuna mtu."

Alikuwa mtoto wa miaka minne, kalala sakafuni chini ya kiti cha mwisho. Begi kaligeuza mto, sweta la shule kajifunika usoni. Shati limemganda mgongoni kwa jasho, nywele zimelowa kama katoka kuoga. Nilimnyanyua kichwa kikalegea begani kwangu, nikadhani ndiyo basi tena. Tukamkimbiza kivulini, tukamvua sweta, yule kijana akamlowesha maji kichwani. Akafungua macho, akaniuliza, "Tumefika?"

Muda wote ule haukuzidi robo saa. Gari lililofungwa vioo juani, ndani ya dakika 10 joto lake linapanda karibu nyuzi 10, na mwili wa mtoto mdogo unashika joto upesi kuliko wako na wangu. Septemba 2022 kule Qatar mtoto wa miaka minne alisahauliwa hivihivi kwenye basi la shule, akafariki, tena siku yake ya kuzaliwa. Nilipoisikia ile habari nilipaki gari pembeni, sikuweza kuendelea.

Na matroni wangu siku ile hakunidanganya. Aliona mlango umetulia hakuna anayeshuka, akasema wameisha. Hakuwa amehesabu waliopanda, na mimi sikuwa nimehesabu chochote, kwa kuwa niliamini watoto ni kazi yake.

Tangu hapo, kila mwisho wa ruti nazima injini, nachomoa ufunguo, natembea mpaka kiti cha mwisho. Nainama kila safu nitazame chini ya viti. Nikifika mwisho nagusa kioo cha nyuma kwa kiganja. Kile kioo nikikigusa najua mguu wangu umefika, siyo macho yangu tu yametupwa kule. Hata matroni awe kahesabu mara tatu. Hata niwe nakimbilia msibani. Nakuomba hilo ulianze kesho asubuhi, kabla hujafikiria kitu kingine chochote nilichoandika hapa.

Sasa uliuliza kazi inaanzia wapi. Kwangu inaanza saa kumi alfajiri na tochi. Matairi na nati zake, upepo, maji ya rejeta, oili, maji ya breki, taa zote pamoja na indiketa na hazadi. Hayo ulikuwa unayafanya kwenye daladala. Ya zaidi ni mlango au dirisha la dharura: lijaribu kwa mkono wako lifunguke. Kosta nyingi zilizonunuliwa mkononi mwa mtu utakuta limepigwa kiti mbele yake au limeshika kutu. Nyanyua na kapeti uone sakafu. Mtu mzima akikanyaga bati lililooza analisikia linabonyea, mtoto halisemi. Breki ukiisikia inazama, usitoke. Mwaka 2022 mwezi wa saba basi dogo la shule lilitumbukia bondeni kule Mikindani, Mtwara, watoto wakafa na dereva wao, na kilichosemwa pale ni breki. Wakikupigia simu kwamba wazazi wanalalamika, waambie gari ni bovu watume jingine. Wewe usitoke.

Mlangoni ndipo madereva wa daladala wanapopata taabu, kwa maana mmezoea kuondoka konda akigonga bati. Hapa usiondoke kwa sauti ya mtu. Mtoto anashuka, kamba ya begi inabaki imebanwa na mlango, matroni anasema twende huku anaangalia kitabu chake. Ukitoa gari unamburuta. Mimi natazama kioo cha kushoto mpaka nimwone mtoto amesogea na mikono yake yote miwili naiona. Na kabla mlango haujafunguliwa, kioo hichohicho, kwa sababu bodaboda wa mji huu anapita kushoto kati ya mlango wako na mtaro bila wasiwasi wowote. Nimeshawahi kumvuta binti kwa kola ya sare, pikipiki ikapita pale alipokuwa anaweka mguu.

Mbele ya gari ni hivyohivyo. Mtoto wa darasa la kwanza akiinama kuokota penseli karibu na bampa, kwenye kiti chako humwoni kabisa. Wangu nimewafundisha maneno haya: ukipita mbele ya gari tembea mpaka uuone uso wangu, usipouona uso wangu na mimi sikuoni. Wadogo wanayaimba. Lakini sitegemei wimbo, nashushia upande wa nyumba inapowezekana, na isipowezekana matroni anawavusha kwa kuwashika mkono, mimi nimesimama na hazadi zinawaka. Hapa kwetu usitegemee gari la mbele yako litasimama kwa sababu ya watoto.

Nije kwenye hizo 41. Mdogo wangu, ile ajali ya Karatu ya tarehe 6 Mei 2017 ilikuwa Jumamosi. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema, ule wa pamoja na shule nyingine, mvua inanyesha, basi likatumbukia korongoni Rhotia. Jumatatu yake wazazi ambao hawakuwahi hata kunisalimia walikuja mpaka dirishani kwangu, mmoja akazunguka gari lote akishika matairi. Watu wengi wanaikumbuka kwa majeneza yaliyopangwa uwanjani Arusha. Mimi naikumbuka pia kwa kilichofuata mahakamani: mwenye shule alishtakiwa, na kati ya mashtaka yalikuwamo la kuzidisha abiria na la kumweka dereva kazini bila mkataba. Yule dereva hakuwapo kujieleza. Kwa hiyo kwanza kabisa, je, wewe una mkataba? Kama huna, uombe wiki hii, kwa adabu, kwa barua.

Namna ya kukataa ni hii niliyoitumia mimi mwenyewe mara mbili. Usigombane na msimamizi wa usafiri kwenye gari. Andika barua ya mistari mitano kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mwenye shule: gari namba fulani lina viti 29, tarehe fulani limebeba watoto 41, waliozidi ni 12, naomba ruti igawanywe safari mbili kuanzia tarehe fulani. Usiandike neno la kutisha. Peleka mwenyewe, omba wakusainie nakala yako, nenda ukaiweke nyumbani. Mara ya kwanza walinigawia ruti ndani ya siku nne. Mara ya pili walinifukuza. Nilikaa bila kazi miezi miwili, mke wangu akauza vitenge vyake vya akiba, sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Ila nilikuwa nalala kitandani kwangu, siyo mahabusu.

Na barabarani usishawishike na barabara ya mabasi ya mwendokasi hata kama mmechelewa na matroni anakuhimiza. Simu iingie kwenye kisanduku mpaka ufike. Kwenye 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, ukitazama ujumbe kwa sekunde mbili umekwenda mita 28 hujui umepita juu ya nini.

Masika ukiona maji yamevuka barabara na lami huioni, simama, geuza, rudi. Aprili 2024 Arusha basi la shule lilisombwa na maji kwenye korongo, watoto wakafa. Mwezi Disemba 2021 kule Mwingi, Kenya, basi la shule lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia mto Enziu daraja likiwa chini ya maji, zaidi ya watu 30 hawakutoka. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wanatazama. Maji yanayokwenda hayahitaji kuwa na kina cha kukufunika, yakifika juu ya magoti tu yanaweza kulibeba gari.

La yule mtoto wa Jumatano ulifanya sawasawa. Mtoto hapewi bodaboda, hapewi jirani yeyote, hapewi hata mjomba ambaye jina lake haliko kwenye orodha. Kosa lako lilikuwa moja, hukupiga simu. Yule mama hakulia kwa sababu ulikataa kumwacha mwanawe getini, alilia kwa sababu kwa saa nzima hakujua yuko wapi. Kesho kabla ya ruti nenda kamwombe radhi kwa hilo moja tu. Kisha omba shule wakupe daftari la namba za wazazi na majina ya wanaoruhusiwa kupokea. Asipopatikana mtu na simu haipokelewi, mtoto anarudi shuleni kwa mwalimu wa zamu. Harudi kwako wala kwa matroni, anarudi shuleni, na unaandika saa.

---

Mama_Sweta

Shikamoo mzee wangu. Umenitoa machozi na huyo wa chini ya kiti.

Mimi ni matroni mwaka wa saba, Mbezi na Goba. Nataka kumwambia huyu kijana jambo ambalo madereva wengi wanaona haya kulisema. Usikubali kubaki peke yako na watoto jioni. Sisemi una nia mbaya, nimesoma ulivyoandika naona una huruma. Lakini mtoto wa mwisho anapobaki na mtu mzima mmoja kwenye gari, kama limetokea jambo hakuna wa kulisema, na kama halikutokea pia hakuna wa kukutetea. Mwambie huyo dada ruti inaishia mtoto wa mwisho anapopokelewa, halafu wewe ndiye umrudishe kituo cha karibu na kwake. Dereva wangu ananirudisha mpaka njia panda kila siku, haichukui dakika 20.

Na kiti cha mbele karibu na dereva hakai mtoto. Kumpakata mtoto ili nafasi itoshe, hapana. Wangu wakilala nawaamsha vituo viwili kabla ya kwao, nawavalisha viatu, naangalia kama begi na chupa ya maji vipo. Mtoto aliyeamshwa ghafla anashuka akiwa hajui yuko wapi, anaweza kwenda upande wa barabara.

Kuhesabu tunahesabu mara nne: wanapopanda nyumbani, wanaposhuka shuleni, wanapopanda jioni, na kila anayeshuka nakata jina lake mbele ya anayempokea. Dereva naye anahesabu kichwani mwake. Namba zetu zisipolingana, gari haliendi. Kuna siku tulisimama dakika tisa pale Goba kwa sababu mimi nina 17 na yeye ana 18. Alikuwa sahihi yeye. Mmoja alikuwa ameinama anafunga kamba.

Kitu kingine, kauli. Umetoka daladala kaka, na kule lugha ni ile. Watoto hawa wanashika. Tulikuwa na dereva akikatishwa njia na bajaji anatoa neno, ndani ya mwezi mmoja watoto wa chekechea wanalitoa wao kwa wao wakigombania kiti cha dirishani.

---

Mtanga_Ohio

Nawasalimu nyote. Naandika kutoka Columbus, Ohio. Huku kuna Waswahili wengi sana kwenye kazi hii, Wakongo, Wasomali wanaojua Kiswahili, Wakenya na sisi wa Tanga. Naendesha basi la njano mwaka wa tano.

Mzee wa Segerea, hicho unachokifanya kwa kiganja kwenye kioo cha nyuma, huku wamekitengenezea mtambo. Mabasi mengi yana kengele inayolia ukizima injini, na kitufe cha kuinyamazisha kiko mwisho kabisa nyuma. Huwezi kuizima bila kutembea basi zima. Niliposoma habari yako nimeona ulifika palepale bila kufundishwa na mtu.

Leseni ya kazi hii huku ni ya magari makubwa, halafu unaongezewa mtihani wa kubeba abiria na mtihani mwingine wa basi la shule peke yake. Unapimwa dawa za kulevya bila kuambiwa siku. Kila asubuhi unalikagua gari na kusaini. Kwenye reli, hata kama hakuna treni wala taa haiwaki, unasimama kati ya mita 5 na 15 hivi, unanyamazisha watoto, unafungua mlango na dirisha lako, unasikiliza, ndipo unavuka. Hilo halihitaji fedha wala sheria mpya, na wewe kijana kama ruti yako inagusa reli ya treni ya Pugu unaweza kulianza hata kesho.

Tunapopakia au kushusha, kuna kibao cha kusimama kinachofunguka ubavuni na taa nyekundu, na kwenye barabara ya njia mbili magari ya pande zote mbili yanatakiwa kusimama. Bampa la mbele lina mkono mrefu unaofunguka ili mtoto asipite karibu na gari, ni ile shida ya penseli aliyoisema mzee. Hiyo rangi ya njano yenyewe ilikubaliwa mwaka 1939 kwenye mkutano uliofanyika New York, kwa sababu inaonekana mapema alfajiri na maandishi meusi yanasomeka juu yake.

Lakini nisiwadanganye, pamoja na vyombo vyote hivyo, kuna madereva wanaopita kibao kikiwa wazi. Wiki iliyopita mmoja alinipita upande wa kulia, upande wa mlango, kwenye majani ya watu. Nilikuwa nimeshamwambia mtoto asubiri mkono wangu. Hatushushi kwa kibao, tunashusha kwa macho.

---

Kifaru_wa_Tabata

Mzee wa Segerea nimekusoma. Nilijibu harakaharaka. Mdogo wangu wa mwisho anapanda basi la shule kila siku na sijawahi kumuuliza anakaa wapi. Leo jioni nimemuuliza, anasema anasimama, anashikilia kiti cha mwenzake. Kesho naenda shuleni kwao.

---

Suka_Mgeni

Wakuu nimerudi, ni siku kumi na moja tangu niandike. Asanteni sana, Mzee wa Segerea Mungu akuweke.

Nilikwenda kwa yule mama asubuhi ileile. Hakuongea sana, ila aliniandikia kwenye karatasi namba yake, ya baba, na ya dada wa kazi. Sasa nina namba za wazazi wote isipokuwa watatu. Matroni amekubali kufika mwisho wa ruti, namrudisha mpaka kwake.

Barua nimepeleka, mwalimu mkuu akanisainia nakala. Mwenye shule aliniita ofisini, akaniuliza nani amenifundisha kuandika barua. Nikamwambia nimehesabu viti tu. Ameniambia nisubiri mwisho wa mwezi. Jumatatu walikuwa 41, Jumanne wakawa 36 kwa kuwa mzazi mmoja mwenye watoto wawili na jirani zake wamegoma kupandisha watoto wao wasimame. Sijui nani kawaambia. Bado wamezidi saba. Mkataba sijaupata.

Swali langu sasa Mzee: hizo saba niendelee kuzibeba mpaka mwisho wa mwezi? Na kioo changu cha kushoto kina ufa, kinaonyesha vitu viwili viwili, fundi wa shule anasema bado kinafaa.

---

Mzee_wa_Segerea

Nimefurahi kusikia habari ya yule mama.

Kioo kwanza. Hakifai. Ukiona watoto wawili pale alipo mmoja, siku moja hutamwona kabisa. Kinapatikana Kariakoo, na hata cha mtumba kizima ni afadhali. Usisubiri fundi wa shule, andika kwenye daftari la gari tarehe, "kioo cha kushoto kina ufa", msimamizi asaini. Akikataa kusaini, andika kwamba amekataa. Ukikosa vyote nitumie ujumbe wa faragha, ninacho kimoja cha Kosta nilikitoa kwenye gari la zamani, nitakuletea Segerea mwisho.

Zile saba. Usisubiri mwisho wa mwezi. Kaa na matroni mpange safari mbili nyie wenyewe kwa wiki moja: anza ruti dakika 35 mapema, chukua wa mbali, shusha, rudia wa karibu. Wa karibu ndio wa kurudia kwa kuwa safari yao ni fupi na hawaamki usiku. Mafuta yataongezeka, yaandike kila siku ni lita ngapi. Halafu mpelekee mwenye shule karatasi ya wiki nzima, safari mbili, hakuna aliyesimama, hakuna aliyechelewa kengele, mafuta yameongezeka kiasi hiki. Watu wenye shule wanaogopa gharama wasiyoijua kuliko wanayoiona kwenye karatasi. Akisema hapana akiwa ameiona, hapo utaamua wewe na mkeo, siwezi kukuamulia nikiwa nimekaa kwangu.

Na nyuma ya gari unakwenda?

---

Suka_Mgeni

Nakwenda kila ruti, Mzee. Nagusa kioo. Mpaka leo nimekuta chupa ya maji ya bluu, daftari la hesabu, na soksi moja ya kushoto.

---

Mama_Sweta

Soksi mpe matroni ailaze dashibodi, asubuhi mwenyewe ataidai. Daftari lipeleke leo leo, huyo mtoto ana kazi ya nyumbani.